Tangi limejaa, mferejini maji yanachuruzika tu. Ninunue pampu mpya ya kisima?

UmmuSalma_Fuoni

Assalaam aleikum wenzangu. Naomba mawazo kabla sijatoa pesa mfukoni.

Nyumba iko Fuoni, Unguja. Kisima ni changu mwenyewe, kimechimbwa kwa mashine, mita 28, na ndani mna pampu ya kuzama ya nusu hospawa. Pampu inapandisha maji kwenye tangi la lita 2,000 lililokaa juu ya stendi ya zege uani, kisha yanashuka yenyewe ndani: jikoni, misala miwili ya chini, na msala wa juu tulioujenga mwaka jana.

Tatizo ni hili. Jikoni nikitega sufuria ya wali naweza kwenda kuanua nguo nikarudi, haijajaa. Shawa za chini zinatoa nyuzi tatu nne za maji, na mtu akifungua mfereji wa uani hata hizo zinakatika. Huko juu ndiko balaa: asubuhi yanatoka kwa kujikaza, ikifika magharibi hakuna hata tone, na hita haijawahi kuwaka tangu ifungwe. Chini zamani yalikuwa yanatoka vizuri tu, yamepungua kidogo kidogo mpaka kufika hapa.

Fundi amekuja, ametega sikio kisimani, akasema pampu imechoka, ninunue ya hospawa moja na nusu ndiyo "itasukuma". Jirani yeye anasema maji ya kisima yamepungua, kaskazi hii imekuwa kali, nichimbe zaidi. Nimsikilize nani?

Mskati_Moja

Waaleikum salaam. Chimba, dada. Teremka mita 20 nyengine, tia pampu kubwa, mambo yaishe. Ukihangaika na vitu vidogo vidogo utamaliza pesa zile zile.

Kaka_wa_Tomondo

Nafuatilia. Mie yangu hivyo hivyo.

Fundi_Mwera

Dada, kabla ya yote nijibu moja: tangi linajaa?

UmmuSalma_Fuoni

Linajaa. Nawasha pampu baada ya sala ya alfajiri, na jua halijapanda sana linamwaga kwa juu.

Fundi_Mwera

Basi mwambie fundi wako aiache pampu ilipo, na jirani aache kisima kilipo.

Pampu ya kisimani ina kazi moja, kuyatoa maji chini na kuyafikisha tangini. Yakishaingia tangini, pampu na mfereji hawajuani tena. Umeme ukikatika mtaa mzima, mfereji wa jikoni unatoa maji vile vile, si kweli? Kwa hiyo ukifunga ya hospawa moja na nusu tangi litajaa mapema zaidi, na sufuria yako ya wali itachukua muda ule ule. Hilo la kisima kupungua nalo lingekuwa kweli, ungeliona tangini kwanza: pampu ingetema hewa, au tangi lisingejaa.

Presha ya nyumba kama yako inatoka kwenye kimo tu. Mita kumi za kimo ni kama baa moja (baa ni kipimo cha presha). Mita moja ni sehemu ya kumi ya baa, basi, hata tangi liwe la lita 500 au la 5,000. Watu hununua tangi kubwa wakidhani maji mengi yanasukuma zaidi. Hayasukumi. Kinachosukuma ni umbali kutoka uso wa maji tangini mpaka mdomo wa mfereji.

Chukua futi, nipimie kutoka ardhini: chini ya tangi, uso wa maji tangi likijaa, mfereji wa jikoni, shawa ya chini, shawa ya juu.

Mzee_wa_Malindi

Fundi kasema kweli. Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar aliyetawala 1870 mpaka 1888, aliyaleta maji mjini kutoka chemchemi ya huko Bububu kwa mteremko, na watu wa Mji Mkongwe wakanywa. Siku hizi kila kitu mnataka pampu.

Kaka_wa_Tomondo

Mzee, wakati ule hapakuwa na hita ya shawa 😄

UmmuSalma_Fuoni

Nimepima na kijana wangu. Chini ya tangi mita 4.5. Tangi likijaa uso wa maji uko kama mita 6. Jikoni mita 1. Shawa ya chini mita 2. Shawa ya juu mita 5.2.

Fundi_Mwera

Ahsante dada, futi imeshasema. Hapo una matatizo mawili yasiyohusiana, na ndiyo maana kila anayekuja anakupa jibu lake.

Tuanze na juu. Shawa iko mita 5.2, chini ya tangi iko mita 4.5. Maana yake shawa yako iko *juu* ya kitako cha tangi. Tangi likijaa unapata sentimita 80 za kimo, chini ya sehemu ya kumi ya baa. Mkishapika, mkaoga, mkafua, maji tangini yakifika nusu, uso wake uko sawasawa na shawa. Yatapandaje? Ndiyo hayo ya asubuhi yapo, magharibi hayapo. Ile stendi ilijengwa kwa ajili ya nyumba ya chini peke yake, mkaongeza ghorofa stendi ikabaki palepale. Hita nayo ina swichi ndani inayosubiri maji yaisukume, na kwa nguvu hiyo hayaisukumi. Haijaharibika, usimruhusu mtu aifungue.

Sasa chini. Jikoni una mita tatu na nusu mpaka tano. Si nyingi, ila zinatosha kuosha vyombo na kuoga bila kulalamika, na mwenyewe umesema zamani yalikuwa yanatoka vizuri. Kimo hakijabadilika. Kwa hiyo kuna mahali njia imeziba, na imeziba pole pole.

Unapatafuta hivi. Waashi wana mpira mwembamba wa kuonekana ndani, ule wa kupimia levo. Azima. Uvalishe kwenye mdomo wa mfereji wa jikoni, ukaze vizuri, ncha ya pili mpe kijana aipandishe nje ukutani juu kuliko tangi. Mifereji mingine yote ifungwe. Fungua wa jikoni uone maji yanapanda mpirani mpaka wapi. Yatie alama. Halafu, mpira ukiwa bado pale, mtu afungue mfereji wa msala wa chini, nawe utazame maji ya mpirani.

Kisha ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Pima jikoni ndoo inajaa kwa muda gani. Halafu nenda uani, fungua yunioni (kile kiungo kinachofunguka) iliyo chini ya tangi baada ya koki, pima na pale.

Kusini_Makunduchi

Wakati dada anapima, naomba nimjibu ndugu yangu wa Muscat, maana ushauri ule umeshaharibu visima vya watu huku.

Kisiwa chetu sehemu kubwa ni jiwe la matumbawe lenye matundu matundu. Mvua inazama, na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yanaelea juu ya maji ya bahari chini kwa chini kwa sababu ni mepesi zaidi. Wataalamu wa maji wana hesabu yao: kwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Inafurahisha mpaka uigeuze. Pampu kubwa ikiyashusha maji kisimani kwa mita moja, maji ya chumvi chini yanaweza kupanda kuelekea kwako hata mita 40. Ukichimba zaidi na kuvuta kwa nguvu zaidi unayafuata mwenyewe.

Huku pwani kisima kinapanda na kushuka pamoja na bahari, bamvua likija unakiona kwa macho. Tuna visima ambavyo bibi zetu walichota maji ya kunywa, leo chai haichemshiki, sabuni haitoi povu, na mifereji inaota kutu ya kijani. Kisima kikishaingia chumvi kukirudisha ni kazi ya miaka ya mvua, kama kitarudi. Fuoni si pwani kama kwetu, lakini kuchimba kwa sababu shawa haitoi maji, hapana jamani.

Mskati_Moja

Nimekufahamu kaka. Naondoa kauli ya kuchimba, ya pampu kubwa bado sijashawishika.

Chake_Umeme

Salaam kutoka Chake. Namuunga mkono Fundi kwa nyumba ya dada, lakini wasomaji wengine msitoke hapa mkidhani pampu haina makosa siku zote. Ikiwa tangi *linachelewa* kujaa, au huna tangi na pampu inasukuma moja kwa moja ndani, basi umeme ni wa kwanza kuchunguzwa.

Nguvu ya kuanzia ya mota inakwenda kwa mraba wa volti. Inataka volti 230, ukiipa 180 nguvu yake ya kuanzia inabaki kama asilimia 60. Inanguruma, inapata moto, maji kidogo. Pima volti kwenye boksi la pampu *ikiwa inafanya kazi*, usiku watu wakiwa wamewasha kila kitu, si saa nne asubuhi. Na kabla hujalaumu umeme wa mtaani, tazama waya wako mwenyewe: watu wanavuta waya mwembamba wa taa mita 40 mpaka kisimani. Kapasita nayo, kile kikopo kinachosaidia mota kuanza, ikichoka pampu inaanza kwa shida, na hicho ni kitu cha bei ndogo kuliko pampu. Nimeona pampu nzima zinatupwa kwa ajili ya kapasita.

Msifungue boksi bila kuzima swichi kuu. Na kapasita inashika umeme hata ukishazima, usiitie vidole.

Mwana_Wete

Na mie niingie na langu, kama halitomuudhi mwenye uzi. Kisima changu ni cha kuchimba kwa mkono, cha wazee, pampu iko juu mdomoni na paipu inaingia ndani. Masika pampu inavuta raha mustarehe. Sasa hivi inavuta kidogo, inatema hewa, inaacha. Nimebadilisha mpira wa mdomo, nimebadilisha valvu ya chini, hali ile ile. Mita mpaka kwenye maji ni kama tisa.

Fundi_Mwera

Mwana_Wete, jibu lako liko kwenye hiyo tisa. Pampu iliyo juu haivuti maji, inaondoa hewa kwenye paipu, na uzito wa hewa ya nje ndio unayasukuma maji kupanda. Uzito huo mwisho wake ni mita kumi na kidogo, tena kwenye vitabu. Kazini, na paipu zetu na viungo vyetu, hesabu saba, nane ukiwa na bahati. Masika maji yako karibu, kaskazi yameshuka yakapita mpaka wa pampu. Hata ukinunua ya hospawa tano ya aina ile ile haitafika.

Una njia mbili: pampu ya paipu mbili inayorudisha maji chini kusaidia kuyapandisha, au pampu ya kuzama. Mie kwa kisima cha mkono napenda ya kuzama, ila ining'inizwe mita moja au zaidi kutoka chini isije ikala mchanga.

Na jambo moja lisifanyike kabisa: wapo wanaoishusha pampu ya petroli ndani ya kisima wakaiweka juu ya ubao ili iwe karibu na maji. Moshi wake unajaa kisimani, hauna pa kutokea, na anayeshuka kuizima hapandi tena. Anayemfuata kumuokoa naye hivyo hivyo.

Mwana_Wete

Wallahi hilo la ubao nilishashauriwa. Ahsante sana fundi.

UmmuSalma_Fuoni

Nimerudi na majibu.

Mpira: mifereji yote ikiwa imefungwa, maji yalipanda pole pole mpaka karibu na alama ya maji ya tangini. Nikafurahi nikasema kumbe hakuna kilichoziba. Halafu Salma akafungua mfereji wa msala, na maji ya mpirani yakashuka mpaka chini ya dirisha la jikoni. Akifunga yanapanda tena.

Ndoo jikoni: zaidi ya dakika nne. Ndoo uani, pale kwenye yunioni baada ya koki: dakika tatu na ushei. Fundi niliyempata, kijana wa jirani, aliifungua, tukalowa wote.

Kaka_wa_Tomondo

Sasa mbona mpira ulipanda mpaka juu kama kuna kizuizi?

Fundi_Mwera

Swali zuri yakhe. Maji yaliyosimama hayana haraka. Hata tundu liwe la sindano, yatapita tone kwa tone mpaka yalingane na tangi. Ndiyo maana mtu anakuja na geji, anaifunga mferejini, anasoma presha nzuri, anakwambia paipu salama. Kizuizi kinajionesha maji yakitembea tu. Yakishuka sana mfereji wa pili ukifunguliwa, basi njia ya pamoja ndiyo iliyoziba, kwa dada ni njia kuu kutoka tangini. Yangeshuka kidogo tu, ningesema tatizo ni la mfereji mmoja mmoja: kichujio cha mdomoni kimejaa mchanga, au matundu ya shawa yameziba kwa chokaa.

Na ndoo ndiyo imemaliza kesi. Uani pale pale chini ya tangi ndoo inachukua dakika tatu. Kabla maji hayajaingia hata mita mbili za paipu ya nyumba yameshakwama. Kilichoko kati ya tangi na ndoo yako ni vitu viwili tu, mdomo wa tangi na koki. Koki ni ya aina gani? Ya kuzungusha gurudumu au ya mkono wa robo, unaogeuzwa robo duara tu?

UmmuSalma_Fuoni

Ya gurudumu jekundu. Inazunguka vizuri, nimeizungusha mpaka mwisho kufungua.

Fundi_Mwera

Hiyo kuzunguka vizuri ndiyo inanitia shaka 🙂 Maliza maji ya tangi kwenye kufua, usiyamwage, kisha mwambie kijana aitoe nzima. Mtazame tundu lake mkiielekeza kwenye jua.

Bwawani_Jambiani

Wakati tunasubiri: mie nina nyumba ya wageni ndogo, vyumba vinne. Pampu ya kusukuma na lile tangi dogo la chuma la presha. Mgeni akifungua shawa, pampu inawaka, inazima, inawaka, inazima, na maji yanakuja kwa kurukaruka. Geji inapiga 20, 40, 20, 40. Wageni wanalalamika, na mimi silali kwa kelele.

Chake_Umeme

Tangi dogo limepoteza upepo. Ndani kuna mpira, upande mmoja maji, upande wa pili hewa, na hewa ndiyo springi ya presha. Ikitoka, pampu haina pa kuwekea akiba, kila kikombe cha maji inawaka. Ukiiacha hivyo utaunguza mota.

Zima umeme wa pampu. Fungua mfereji mpaka maji yaishe na geji isome sifuri. Juu au nyuma ya tangi kuna valvu kama ya tairi, pima upepo kwa geji ya matairi. Swichi yako inawaka paundi 20, basi upepo uwe 18, paundi mbili chini ya inapowaka. Ya 30 na 50 unatia 28. Pampu ya baiskeli inatosha. Ukiibonyeza valvu ikatoa maji badala ya hewa, mpira wa ndani umepasuka, unabadilishwa.

Usipime upepo maji yakiwa ndani, utasoma presha ya maji ukadhani ni ya hewa.

Bwawani_Jambiani

Ilisoma 6. Nimetia 18. Kimya. Pampu inawaka, inakaa muda, inazima kistaarabu. Mungu akulipe.

UmmuSalma_Fuoni

Fundi wa Mwera, njoo utazame. Koki imetoka. Gurudumu linazunguka, ule mti wake wa katikati unapanda na kushuka, lakini sahani ya ndani inayofungua njia haiufuati. Imekatika pale inaposhikwa, imeliwa imebaki pembe tu, ikaangukia chini ikaziba tundu karibu lote. Juu yake gamba jeupe gumu limeota pande zote, nikilikwaruza kwa kisu linatoka unga. Ukitazama kwenye jua unaona mwezi mwembamba tu wa mwanga. Hapo ndipo maji ya nyumba nzima yalipokuwa yanapita!

Fundi_Mwera

Hilo gamba ni chokaa. Maji yetu yamepita kwenye jiwe la chokaa, yanaibeba, na yanaiacha popote yanapopungua kasi au yanapopashwa moto. Ndiyo maana upande wa maji ya moto unaziba kabla ya baridi. Koki za gurudumu huku hazina maisha, hasa ikikaa miaka bila kuguswa. Weka ya mkono wa robo, ya shaba, tundu kamili la inchi moja, na uifunge na kuifungua mara moja moja isije ikaganda.

Wakati tangi tupu, ingiza mkono kwenye mdomo wa kutolea. Kuna mchanga?

UmmuSalma_Fuoni

Tope laini kama vidole viwili chini, na mchanga mweupe. Tumesafisha. Shawa za chini nimezivua vichwa, matundu yameziba nusu. Kaka yangu anasema nitie asidi ya betri.

Kusini_Makunduchi

Usiguse! Itakula mipira, itakula rangi, na ikikurukia jichoni ni hospitali. Kichwa cha shawa kiloweke kwenye siki usiku kucha, au ndimu kama unazo nyingi. Asubuhi unasugua kwa mswaki wa zamani, chokaa inatoka yenyewe.

UmmuSalma_Fuoni

Siki imefanya kazi. Na koki mpya imefungwa: ndoo jikoni sasa dakika moja na nusu kasoro kidogo. Shawa za chini zimerudi. Lakini mtu akiwa anaoga na mimi nikifungua jikoni, bado inapungua. Ndivyo inavyotakiwa?

Fundi_Mwera

Paipu inayotoka tangini kuja ndani imeandikwa ngapi?

UmmuSalma_Fuoni

PPR, ile ya plastiki inayoungwa kwa kuyeyushwa, imeandikwa 20.

Fundi_Mwera

Hapo pia ndipo wengi tunapoibiwa bila mwizi. Hiyo 20 ni milimita za *nje*. Paipu za PPR zina nyama nene, ndani unabaki na 13 au 14. Tena fundi akiyeyusha kiungo kupita kiasi plastiki inajikunja kwa ndani na kupunguza tundu zaidi.

Sikiliza hesabu yake. Ukitaka lita 20 kwa dakika zipite mita kumi za paipu yenye tundu la milimita 15, msuguano unakula kama mita tatu za kimo. Wewe jikoni una mita tano tangi likijaa sana! Tundu likiwa milimita 20, unapoteza chini ya mita moja. Likiwa 25, sentimita 30 hivi. Kuongeza kipenyo kidogo tu kunaokoa sana, na paipu ni rahisi kuliko pampu yoyote. Kwa nyumba ambayo maji yanashuka kwa uzito wake, njia kuu iwe PPR ya 32, matawi 25, na 20 iingie pale karibu na mfereji tu.

Sheria ya nusu inchi (ndiyo hiyo 20 ya PPR) kila mahali imetoka kwenye nyumba zenye presha ya kusukumwa. Kwetu haifai, na mafundi wengi hawaibadilishi kwa mazoea.

Mskati_Moja

Haya, na juu je? Pale lazima pampu kubwa, nikumbukeni.

Fundi_Mwera

Pale pampu, ndiyo, ila ndogo, na si ya kisimani. Chaguo ni mbili.

Moja, kuinua stendi. Ili shawa ya juu iwe na maji ya kuridhisha, kitako cha tangi kiwe angalau mita mbili au tatu juu ya kichwa cha shawa, yaani mita 7 au 8 kutoka ardhini. Lita 2,000 ni tani mbili za maji, ukiongeza upepo wa kusi. Hiyo si kazi ya kuongeza matofali juu ya stendi ya zamani, ni nguzo mpya na msingi mpya na mtu anayejua nondo. Faida yake umeme ukikatika unaoga.

Mbili, pampu ndogo ya kuongeza presha kwa msala wa juu peke yake, kwa paipu yake kutoka tangini. Na hapa kuna mtego. Nyingi zinazouzwa madukani zinajiwasha kwa kuhisi maji *yanayotembea*. Kwako jioni maji hayatembei kabisa huko juu, kwa hiyo haitahisi kitu na haitawaka, utaambiwa mbovu. Chukua inayojiwasha kwa presha. Iwekwe chini karibu na stendi, na ipitishiwe njia ya pembeni yenye valvu ya kuzuia maji kurudi, ili umeme usipokuwepo na tangi limejaa angalau upate yale ya sentimita 80. Kwenye hita soma kibandiko chake kinataka presha kiasi gani kabla hujanunua pampu.

Chake_Umeme

Na hita iwe na waya wa ardhi wa kweli, si wa kuonesha. Msala, maji na umeme.

Mzee_wa_Malindi

Ndoo na kata havina waya wa ardhi.

UmmuSalma_Fuoni

Babu wewe 😂 Basi nitaanza na paipu ya 32, ya juu tutaona baada ya Idi. Yule fundi wa kwanza bado ananipigia, pampu ya hospawa moja na nusu anasema ameshaniwekea dukani. Huyu kijana wa jirani atakuja Jumamosi na mashine ya kuyeyushia. Kuna la kumwambia?

Fundi_Mwera

Akate kwa mkasi wa paipu, si msumeno, makapi ya msumeno yote yataishia kwenye shawa. Kila kiungo asikae na joto kupita sekunde za saizi yake, na asikizungushe akikiunga. Paipu kutoka tangini ishuke moja kwa moja, isipande popote hata kidogo kisha ikashuka, hewa itakaa pale kwenye mgongo na utarudi hapa kuuliza upya. Akimaliza, vichwa vya shawa na vichujio vya mifereji vibaki vimevuliwa, afungue yote, maji yamwagike ndoo mbili tatu mpaka yawe meupe, ndiyo avirudishe.

Kaka_wa_Tomondo

Mie nimekuta koki yangu nayo ni ya gurudumu jekundu. Nakuja na picha.